Nairobi hadi New York ni kilomita 11,840: Mbona tiketi inaonyesha masaa 7, na utafika kweli saa ngapi?

Simu inalia usiku. Ni nyumbani. Kuna msiba, na mazishi yamepangwa Jumamosi saa nne asubuhi, kijijini nje ya Kisumu. Wewe uko New York. Unaingia kwenye simu kutafuta tiketi, unaona kuna ndege ya Alhamisi mchana. Swali ni moja tu: nitawahi?

Hapo ndipo wengi hukosea. Mtu anaangalia saa ya kuondoka, anaangalia saa ya kufika, anatoa moja kwa nyingine, basi. Mwingine anachukua umbali, anagawanya kwa mwendo wa ndege. Wote wawili wanapata jibu, na majibu yote mawili si ya kweli.

Leo tuichukue safari hii ya Nairobi na New York, kutoka Jomo Kenyatta (JKIA) hadi John F. Kennedy (JFK), tuipige hesabu polepole. Ukiielewa hii, safari nyingine yoyote ya mbali utaipigia hesabu mwenyewe.

Ni mbali kiasi gani?

Ukipima kwa njia fupi kabisa, kutoka JKIA hadi JFK ni kama kilomita 11,840. Kwa maili ni karibu 7,360.

Namba hiyo ni kubwa mpaka haiingii akilini, kwa hiyo tuilete nyumbani. Barabara ya Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 485. Safari ya New York ni sawa na kwenda Mombasa zaidi ya mara 24, bila kushuka hata mara moja kununua mahindi choma.

Kenya Airways ilianza kwenda New York moja kwa moja bila kusimama tarehe 28 Oktoba 2018, kwa ndege aina ya Boeing 787-8 Dreamliner. Mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya hapo, Februari 2017, Marekani ilikuwa imeipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga. Bila daraja hilo, ndege za Kenya zisingeruhusiwa kuanza safari za kwenda kule.

Wakati wa uzinduzi, kampuni ilieleza kwamba kila safari inahitaji marubani 4, wahudumu 12 na tani 85 za mafuta. Marubani wanne ni kwa sababu hakuna binadamu wa kukaa kwenye usukani masaa 15. Wanapokezana, wawili wakiwa kazini wengine wanapumzika.

Na hii si ndiyo safari ndefu kuliko zote duniani. Singapore hadi New York ni zaidi ya kilomita 15,300, na abiria hukaa angani masaa 18 hivi.

Mbona ndege inaelekea kaskazini?

Ukitazama ramani ya ukutani, utadhani njia fupi ni kukata moja kwa moja kuelekea magharibi: Uganda, Kongo, Gabon, halafu Bahari ya Atlantiki yote mpaka Marekani. Ukiwa ndani ya ndege ukafungua ramani ya kwenye skrini, unashangaa unaona jangwa la Sahara. Rubani amepotea?

Hajapotea. Aliyepotosha ni ramani. Dunia ni mviringo kama chungwa, na ramani ni chungwa lililobandikwa ukutani likiwa bapa. Ili ganda la chungwa lilale bapa ni lazima ulivute hapa na pale, na sehemu zinazovutwa zaidi ni za kaskazini na kusini. Kwa hiyo mstari ulionyooka kwenye ramani si lazima uwe mfupi kwenye dunia yenyewe.

Jaribu hivi. Tafuta ile tufe ya dunia ya shuleni. Weka ncha ya uzi Nairobi, ncha nyingine New York, halafu uvute uzi ukaze. Utaona wenyewe umepanda kaskazini-magharibi: unapita kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini, Chad, unagusa Niger, unakata Algeria, unatokea Morocco, halafu unaingia Atlantiki na kupita karibu na visiwa vya Azores vya Ureno. Huo ndio mstari wa kilomita 11,840.

Lakini ndege haifuati uzi huo sawasawa. Kila siku njia hupangwa upya kutokana na upepo, mvua za radi, na anga la nchi gani liko wazi. Vita vilipoanza Sudan Aprili 2023, anga lake lilifungwa, na ndege zilizozoea kupita huko zikalazimika kuzunguka. Kuzunguka ni kilomita zaidi, na kilomita zaidi ni dakika zaidi na mafuta zaidi.

Kalkuleta inasema masaa 13, saa ya ukutani inasema 15

Dreamliner ikiwa juu, kilomita 10 hadi 12 kutoka ardhini, hukimbia karibu kilomita 900 kwa saa. Sasa gawanya: 11,840 kwa 900. Unapata kama masaa 13 na dakika 10.

Lakini ratiba ya kwenda New York ni kama masaa 15. Hayo mengine yameenda wapi?

Kwanza, ratiba haihesabu muda wa angani peke yake. Inaanza pale ndege inapotoka kwenye lango lake na inaisha pale inaposimama kwenye lango la kule. Katikati kuna kutembea taratibu kwenda kwenye njia ya kurukia, kupanga foleni nyuma ya ndege nyingine, na ukifika, kutafuta maegesho. JFK ni uwanja wenye shughuli nyingi. Foleni si kitu cha ajabu.

Pili, ndege haipai ikiwa na kilomita 900 kwa saa. Inachukua muda kupanda, na inapunguza mwendo mapema kabla ya kutua.

Tatu, ule mzunguko tuliousema.

Nne, na hili ndilo kubwa, upepo.

Upepo unaoamua nani afike mapema

Kule juu, kwenye maeneo yaliyo kati ya joto la ikweta na baridi ya ncha ya dunia, kuna mikondo ya upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Fikiria mto, ila ni mto wa hewa. Mara nyingi mwendo wake hupita kilomita 150 kwa saa, na kuna siku unapita 300. Wakati wa baridi ya kaskazini, yaani Desemba hadi Februari, huwa na nguvu zaidi.

Aliyewahi kupiga kasia mtoni anajua. Nguvu ni ile ile, kasia ni lile lile, lakini kwenda na mkondo na kwenda dhidi ya mkondo ni safari mbili tofauti.

Ukienda New York unaelekea magharibi, kwa hiyo nusu ya pili ya safari, juu ya Atlantiki, unapambana na mkondo. Ukirudi Nairobi, mkondo huo huo unakusukuma mgongoni. Ndiyo maana kwenda ni kama masaa 15, na kurudi ni masaa 14 hadi 14 na nusu. Njia moja, ndege moja, lakini muda tofauti.

Hapa kuna hoja moja hupenda kuzuka kwenye vijiwe vya kahawa: "Si dunia inazunguka kuelekea mashariki? Basi ndege ikienda magharibi, New York inaifuata yenyewe. Ingefika haraka!" Inasikika vizuri, lakini haiko hivyo. Dunia inazunguka pamoja na hewa yake, na ndege iko ndani ya hewa hiyo. Ni kama kutembea ndani ya treni: ukitoka behewa la nyuma kwenda la mbele, au la mbele kwenda la nyuma, unatumia hatua zile zile. Kinachobadilisha muda ni upepo tu.

Kwa nini saa nyingi za mbali huondoka usiku?

JKIA iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi. Mabawa yanapata hewa kidogo ya kuegemea, injini nazo zinapata hewa kidogo ya kuvuta. Ndege iliyojaa abiria, mizigo na makumi ya tani za mafuta inahitaji kukimbia umbali mrefu kabla ya kuinuka. Bahati nzuri njia ya kurukia ya JKIA ina urefu wa zaidi ya kilomita 4.

Usiku hewa hupoa na kuwa nzito kidogo, na hilo linasaidia ndege iliyobeba mzigo mkubwa. Kuna faida nyingine pia: ukiondoka usiku, unafika asubuhi, na siku nzima iko mbele yako ya kuunganisha kwenda kwingine.

Tiketi inasema masaa 7. Inadanganya?

Sasa tuje kwenye kinachochanganya watu zaidi. Ratiba hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo chukua hii kama mfano tu. Tiketi imeandikwa hivi:

Kuondoka Nairobi 23:25. Kufika New York 06:25, siku inayofuata.

Toa moja kwa nyingine: masaa 7. Mtu anafurahi, anamwambia mkewe, "Kumbe si mbali!"

Kurudi: kuondoka New York 12:25. Kufika Nairobi 10:55, siku inayofuata.

Hapo ni masaa 22 na nusu! Mtu yule yule sasa analalamika kwamba ndege ya kurudi ni ya kobe.

Tiketi haidanganyi. Ila kila saa iliyoandikwa pale ni saa ya mahali hapo. Saa ya kuondoka Nairobi ni ya Nairobi, saa ya kufika New York ni ya New York. Ukizitoa hivyo hivyo, ni kama kutoa shilingi kwenye dola.

Nairobi, Dar es Salaam na Kampala ziko mbele ya New York kwa masaa 8 wakati wa baridi ya kule. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani husogeza saa zao mbele, na tofauti inakuwa masaa 7. Sisi hatusogezi chochote, ni wao. Ukiwa Kigali, Bujumbura au Goma, uko saa moja nyuma ya Nairobi, kwa hiyo tofauti yako na New York ni masaa 7 wakati wa baridi na 6 wakati mwingine.

Piga hesabu kwa saa moja tu

Kanuni ni rahisi: chagua saa ya mji mmoja, halafu weka kila kitu kwenye saa hiyo. Mimi napendekeza saa ya nyumbani, kwa sababu ndiyo wanaokusubiri wanayoitumia.

Kwenda: unaondoka 23:25 saa ya Nairobi. Unafika 06:25 ya New York. Ni wakati wa baridi, ongeza 8: ni 14:25 Nairobi. Kutoka 23:25 hadi 14:25 ni masaa 15. Hilo ndilo jibu la kweli.

Kurudi: unaondoka 12:25 ya New York. Ongeza 8: ni 20:25 Nairobi. Unafika 10:55 asubuhi. Ni masaa 14 na nusu.

Na kama hujui tofauti ya saa, kuna ujanja. Chukua muda unaoonekana wa kwenda, masaa 7. Ujumlishe na ule wa kurudi, masaa 22 na nusu. Unapata 29 na nusu. Gawanya kwa mbili: masaa 14 na dakika 45. Huo ndio wastani wa safari moja. Tofauti ya saa imejifuta yenyewe, kwa sababu uliyoipata ukienda uliirudisha ukirudi.

Mtego wa saa sita usiku

Sisi Waswahili tuna saa yetu, na hapa tunapaswa kuwa makini mara mbili. Tiketi haijui saa ya Kiswahili. Ikiandika 06:25 haimaanishi saa sita. Ni saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Ukimtumia mjomba ujumbe "nipokee saa 6:25", atakuja saa sita mchana, na wewe utakuwa umekaa juu ya begi lako tangu alfajiri.

Mtego mkubwa zaidi ni ndege ya baada ya saa sita usiku. Tuseme tiketi imeandikwa Jumamosi tarehe 15, saa 00:40. Mtu anajiambia, "Ni Jumamosi usiku," anaaga watu Jumamosi jioni, anafika uwanjani na mabegi yake. Ndege iliondoka usiku uliotangulia.

Kiswahili chenyewe kina dawa ya tatizo hili. Usiseme "Jumamosi usiku". Sema "usiku wa kuamkia Jumamosi". Ukisema hivyo, unajua kabisa kwamba Ijumaa saa tatu na dakika 40 usiku unatakiwa uwe tayari uwanjani, masaa matatu kabla. Ukinunua tiketi ya aina hii, waandikie wote nyumbani kwa maneno hayo hayo.

Moja kwa moja, au kuunganisha?

Tiketi ya moja kwa moja mara nyingi bei yake iko juu, kwa hiyo wengi hupitia Ulaya au Ghuba. Je, unazunguka kiasi gani?

Nairobi hadi Amsterdam ni kama kilomita 6,680, na Amsterdam hadi New York ni kama 5,850. Jumla 12,530. Umeongeza kama kilomita 700 tu juu ya ile njia fupi. Angani hiyo ni chini ya saa moja.

Nairobi hadi Doha ni kama kilomita 3,350, na Doha hadi New York ni kama 10,770. Jumla 14,120. Hapa umeongeza kama kilomita 2,280, yaani masaa mawili na nusu hivi ya angani. Ni kawaida, kwa sababu umeanza kwa kwenda kaskazini-mashariki ilhali unakokwenda ni magharibi.

Lakini angalia vizuri: si kilomita zinazokula muda wako. Ni kusubiri. Kupitia Amsterdam umeongeza saa moja ya angani, lakini ukisubiri ndege ya pili masaa matano, safari imerefuka kwa karibu masaa sita. Ukilinganisha tiketi mbili, usiulize ipi inapita njia fupi. Uliza jumla ya muda kutoka kuondoka hadi kufika, na ndani yake ni masaa mangapi ya kukaa uwanjani.

Kusubiri kidogo sana nako ni hatari. Dakika 50 za kubadili ndege zinaonekana tamu kwenye simu, lakini ndege ya kwanza ikichelewa dakika 40, umeachwa. Kama ndege zote mbili ziko kwenye tiketi moja, kampuni ina wajibu wa kukutafutia nyingine. Kama ulinunua tiketi mbili tofauti ili kuokoa pesa, hasara mara nyingi ni yako. Na kabla hujalipa, hakikisha pasipoti yako haihitaji viza ya kupita kwenye nchi unayobadilishia.

Ndege ikitua, safari haijaisha

Ndugu wengi hawaishi New York mjini. Wako Minnesota, Texas, Massachusetts. Kwao JFK ni njia panda tu, na hapo kuna mambo mawili ya kujua.

La kwanza: ukiingia Marekani, uwanja wa kwanza unaotua ndipo unapokaguliwa uhamiaji, na ndipo unapochukua mizigo yako yote na kupita forodha, hata kama begi limeandikwa Minneapolis. Ukishapita, unalikabidhi tena. Foleni ya uhamiaji ikiwa ndefu, masaa mawili yanaondoka hivi hivi. Ndege ya kuunganisha iwe angalau masaa matatu baada ya kutua, na zaidi ya hapo ni bora.

La pili: New York ina viwanja zaidi ya kimoja. JFK, LaGuardia na Newark ni sehemu tatu tofauti, na Newark iko jimbo jingine kabisa, New Jersey. Ukitua JFK na ndege yako ya pili inatoka Newark, una safari ya barabarani katikati ya msongamano wa magari. Soma herufi tatu za uwanja kwenye tiketi: JFK, LGA, EWR.

Usicheke, hata Nairobi iko hivyo. Ndege nyingine za ndani zinatoka JKIA, nyingine zinatoka Wilson. Umetoka Marekani salama, unakuja kukwama Mombasa Road.

Haya, turudi kwenye msiba

Sasa tuna vifaa vyote. Ni wakati wa baridi, mazishi ni Jumamosi saa nne asubuhi. Mtoto anampigia mama yake.

"Mama, nimepata tiketi. Natoka Alhamisi mchana."

"Kwa hiyo Alhamisi usiku uko hapa, mwanangu?"

"Hapana mama. Nikitoka huku mchana, kwenu tayari ni usiku. Nafika Nairobi Ijumaa, saa tano kasoro dakika tano asubuhi."

Hesabu yake ni sahihi. Kuondoka New York Alhamisi 12:25 ni saa mbili na dakika 25 usiku Nairobi. Ongeza masaa 14 na nusu. Uhamiaji na mizigo, tuseme mpaka saa saba mchana. Ndege ya kwenda Kisumu haifiki hata saa moja angani. Akipata ya alasiri, Ijumaa jioni yuko nyumbani. Akikosa, kuna basi. Ni masaa saba au nane, atafika usiku. Kwa vyovyote vile amewahi, na kakesha na wenzake.

Je, angepitia Doha siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo? New York hadi Doha kama masaa 12, kusubiri masaa 4, Doha hadi Nairobi masaa 5. Jumla 21. Anatua Ijumaa saa kumi na moja na dakika 25 jioni. Akimaliza uhamiaji ni usiku, na huenda ndege za Kisumu zimekwisha. Abaki na basi la usiku, afike alfajiri. Anawahi, lakini kwa tundu la sindano. Kuchelewa kokote njiani kunaharibu yote. Na kama kusubiri ni masaa 8 badala ya 4, anatua saa tatu na dakika 25 usiku.

Na kama angesema "nitatoka Ijumaa, mradi ni ya moja kwa moja"? Anatua Nairobi Jumamosi saa tano kasoro. Mazishi yalianza saa nne. Atafika kukuta kaburi limefunikwa.

Umeona? Kati ya Alhamisi na Ijumaa, umbali haukubadilika hata kilomita moja. Kilichobadilika ni siku, na siku hiyo ndiyo kila kitu. Ndiyo maana kabla ya kutuma ujumbe nyumbani kwamba "nakuja, nisubirini", piga hesabu hii kwanza. Na kama hesabu inakataa, waambie wazee mapema, kabla siku haijatangazwa. Kusogeza mazishi siku moja kabla ya tangazo ni mazungumzo tu. Baada ya tangazo ni kazi.

Mwili nao una saa yake

Neno la mwisho ni la afya. Ukivuka masaa 8, mwili unabaki kwenye saa ya ulikotoka. Saa nane mchana Nairobi, mwili uliotoka New York unaamini ni saa kumi na mbili alfajiri. Wengi huhitaji siku kadhaa kuzoea, na kuelekea mashariki, yaani kurudi nyumbani, huwa kugumu zaidi kuliko kwenda.

Kwa hiyo usitue ukashika usukani kuelekea Kisumu au Moshi peke yako, hata kama unajisikia uko sawa. Usingizi wa aina hii unakuja bila kubisha hodi. Mwache binamu aendeshe.

Ndani ya ndege, inuka utembee mara kwa mara na unywe maji. Kukaa kitini zaidi ya masaa manne bila kujinyoosha kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Mwenye historia ya tatizo hilo, mjamzito, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, amwone daktari kabla ya kusafiri.

Kwa kifupi: usiulize tu ni kilomita ngapi. Uliza unatoka mlangoni kwako saa ngapi kwa saa ya nyumbani, na utafika mlango wa nyumbani saa ngapi kwa saa hiyo hiyo. Kati ya milango hiyo miwili, ndege ni sehemu moja tu ya safari.